Kaye ya vita: namna ya kuandika yaliyowapata raia, kwa watu wa Goma

Shangazi yangu alisema saa nane. Kijana aliyetumwa na shirika moja kumsikiliza, kompyuta magotini na gari likimngoja nje, akaandika 8h00. Kwa Kifaransa hiyo ni asubuhi. Shangazi alikuwa anahesabu kwa Kiswahili: saa nane ya mchana, sombe imeshatoka motoni. Mwaka ukapita. Mwanasheria aliposoma karatasi yake pamoja na za majirani watatu, wote wakisema bombe lilianguka mchana, akaiweka ya shangazi kando. Hakuamini kwamba mama huyo alikuwepo. Kipande cha chuma kiko pajani mwake mpaka leo; ukikigusa kinasogea.

Haya nayaandikia watu wa avenyu: mwalimu, katekista, mama wa likelemba (upatu), kijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), yeyote mwenye kaye (daftari) ya shule na biki (kalamu ya wino) ambaye majirani humwamini. Sheria waachie wanasheria. Wao hufika baada ya miezi au miaka, na wanachokikuta ndicho wanachofanyia kazi.

Kama unajiuliza kuna faida gani, sikiliza hii. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Ilisema watu 180,000 waliuawa. Majaji wakajibu kwamba vithibitisho havifiki huko, wakakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Mimi si mwanasheria na najua hesabu ile ilikuwa na mengine ndani yake. Lakini nilipoisikia redioni niliikumbuka kaye yangu ya Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma mara ya kwanza. Nilijaza kurasa kumi na nne. Hasira tupu: "wamekuja tena", "Mungu anaona", "jirani yetu wamemfanyia vibaya". Jirani yupi? Siku gani? Nani alimfanyia? Hata mimi mwenyewe sikumbuki tena.

Kwanza, amua kama utaandika

Kuna siku ya kuacha biki mfukoni. Kama jina likionekana mtu atakufa, na huna pa kulificha, usiandike jina. Kama mwenye jambo hataki, usiandike kabisa, hata kama ni dada yako. Mwulize waziwazi: naweza kuandika? Naweza kuweka jina lako? Naweza kumwonyesha mtu mwingine, na ni nani usiyetaka aone? Majibu haya matatu yaandike juu ya ukurasa kabla ya habari yenyewe. Anaweza kukubali la kwanza na kukataa mengine, na kesho anaweza kubadili mawazo. Ukurasa huo ni wake.

Usimwahidi kitu. Usiseme "watakulipa", usiseme "watakupeleka Ulaya". Ukishasema hivyo, ushuhuda wake umeharibika, na jina lako nalo. Na mtu akipita kwenye kartie akiomba franga ili aweke majina kwenye orodha ya wahanga, mfukuzeni. Kujiandikisha kuwa mhanga, iwe kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai au kwingine, hakulipiwi.

Kaye yenyewe

Chukua kaye iliyoshonwa, si karatasi za kuchanika. Andika namba za kurasa zote mwanzoni, kabla hujaandika neno lolote, ili asije mtu akasema ulitoa ukurasa au ulichomeka. Biki, si penseli. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja neno libaki likisomeka, andika sahihi pembeni, tia herufi zako na tarehe. Usifute, usipake nyeupe. Kila habari ianze na tarehe mbili: siku jambo lilipotokea na siku unapoliandika. Tofauti ya siku mbili haimtishi mtu. Kinachotia shaka ni kuificha.

Majina ya watoa habari yasikae kwenye kaye hiyo. Wape alama: A1, A2, A3. Orodha inayosema A1 ni nani iwe mahali pengine, kwa mtu mwingine, ikiwezekana ng'ambo ya mji. Kaye ikikamatwa Ndosho na orodha iko Himbi, umempunguzia mtu hatari.

Saa, mahali, jina

Hapa ndipo karatasi nyingi zinapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa: sisi tunahesabu kwa namna mbili kinywani mwa mtu mmoja. Andika zote mbili: "saa nane ya mchana, yaani 14h00". Kama hajui saa, mwulize kilichokuwa kinaendelea. Misa ya kwanza ilikuwa imetoka? Adhana? Watoto walikuwa wamerudi shule? Wauza maziwa wa asubuhi walikuwa wamepita? Andika hivyo hivyo alivyosema, kisha kando andika saa unayokadiria wewe, na useme ni makadirio yako. Na kama simu ilipigwa wakati huo ("nilimpigia mama mdogo bombe lilipolia"), itazameni pamoja. Rekodi ya simu mara nyingi haikosei saa.

Mahali: "Majengo" haitoshi, Majengo ni kubwa. Andika avenyu, namba ya nyumba kama ipo, na alama mbili zisizohama: kanisa, bomba la maji, ukuta wa mawe ya volkano wenye kona fulani. Usitumie kioski, kioski huvunjwa. Waliokuwa makambini wana shida yao. Februari 2025 waliambiwa waondoke, kambi kama Bulengo na Kanyaruchinya zikabaki uwanja, na "bloku 12, hema la tatu" leo si mahali tena. Kwao andika kambi na bloku, halafu kijiji walikotoka, grupoma na teritware, mwaka waliokimbia, na jina la aliyekuwa mkubwa wa bloku kama anakubali kutajwa. Jeton au karti ya mgao wa chakula, hata iliyochanika, ipigwe picha.

Jina: Mama Furaha ni nani? Kwenye avenyu moja nimewahi kuhesabu watatu. Andika majina yote kama yalivyo kwenye karti ya uchaguzi, kisha jina la nyumbani, jina la mtoto analoitwa kwalo, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia. Tahajia iwe ile ile kila mara. Hospitali ikiandika Baati na wewe ukaandika Bahati, kwa msomaji wa mbali hao ni watu wawili. Na undugu uueleze mpaka mwisho: sisi tukisema "baba yangu" huenda ni baba mdogo, na "mtoto wangu" huenda ni wa marehemu dada. Kwetu hakuna tofauti, ila kwa anayelipa fidia ipo.

Kuona, kusikia, kuambiwa

Gawanya ukurasa kwa mistari miwili ya wima. Safu ya kwanza: aliyoyaona kwa macho. Ya pili: aliyoyasikia kwa masikio yake, risasi, kelele, maneno ya amri. Ya tatu: aliyoambiwa, na nani. Watu wetu husimulia yote kwa "tuliona", kwa sababu yaliyomfika mmoja yamewafika wote. "Tuliona wakimuua." Mwulize taratibu: "Mama, wewe ulikuwa wapi?" "Chini ya kitanda." Basi alisikia, na kusikia chini ya kitanda ni ushahidi mzuri sana kikiandikwa kwenye safu yake: risasi ngapi, zilifuatana au moja moja, nani alilia, mlango ulivunjwa au ulifunguliwa.

Usimtilie maneno mdomoni. "Walikuwa M23, siyo?" ni swali baya. "Walikuwa wamevaa nini?" ni swali zuri. Na usiandike "uhalifu wa kivita" wala "mauaji ya kimbari". Majina hayo yana masharti yake mahakamani. Kazi yako ni kuandika kwamba alikuwa amelala, hakuwa na silaha, na mikono yake ilifungwa kwa kamba ya mbuzi.

Wenye silaha

Andika yunifomu, rangi na madoa yake, buti au viatu vya plastiki, kitambaa mkononi, kofia, gari na namba yake kama ilionekana, nani aliitwa afande, waliwasiliana kwa simu au kwa redio, walitokea upande gani na kuelekea upande gani. Lugha pia, lakini kwa uangalifu. Mtu wa hapa anajua kwamba Kinyarwanda kinasemwa na Wakongo wengi wa Masisi na Rutshuru, kwamba Lingala hujifunzwa na yeyote aliyepita jeshini, na kwamba Kiswahili ni cha wote. Andika "walisema Kinyarwanda", usiandike "Wanyarwanda". Kabila usiliandike kabisa kama kitambulisho. Limeua watu wa kutosha.

Halafu hili, ambalo litakuletea maneno na marafiki: andika za pande zote. Tarehe 30 Agosti 2023, hapa hapa Goma, waliowapiga risasi waumini waliokuwa wanajiandaa kuandamana walikuwa askari wa Serikali, na zaidi ya watu hamsini walikufa. Mahakama ya kijeshi ilikaa, kanali mmoja akahukumiwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Septemba 2025 kuhusu Kivu ilisema huenda pande zote zilifanya uhalifu wa kivita. Kaye inayoandika maovu ya upande mmoja tu, wakili wa upande huo ataifungua kwa furaha na kuuliza kwa nini mwandishi alikuwa kipofu wa jicho moja.

Picha

Piga tatu: ya mbali inayoonyesha nyumba na kitu cha kutambulisha mahali, ya kati, na ya karibu. Ya karibu weka kiberiti au biki kando ili ukubwa ujulikane. Nyumba zetu za mbao husema kweli: risasi inapoingia tundu huwa dogo na safi, inapotokea mbao hupasuka vibanzi. Piga pande zote mbili za ubao, na itajulikana ilitoka barabarani au ndani ya ua.

Bombe au grunedi ambayo haijalipuka usiipigie picha ya karibu, usiweke kiberiti, usiisogelee. Weka alama mbali nayo, zuia watoto, waarifu wanaotegua.

Picha ya asili ibaki kama ilivyo. Usikate pembe, usiongeze mwanga, usiandike juu yake. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa na kupoteza tarehe na mahali vilivyojificha ndani yake; itume kama faili. Ipo programu ya simu za Android iitwayo eyeWitness, inayofunga tarehe na mahali pamoja na picha ili isiwezekane kubadilishwa. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi wa Rwanda la FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya 2012, na picha zilizopigwa kwa programu hiyo zilipokelewa kama ushahidi.

Usipige picha ya askari usoni. Nimesema usipige. Na kabla ya kuvuka bariyeri, simu iwe haina kitu cha kuonyesha. Ulichonacho kiwe kimeshatumwa mahali salama na kufutwa, pamoja na lile kapu la vilivyofutwa ambalo wengi hulisahau.

Aliyebakwa: kaye isubiri

Hapa huandiki. Mpeleke hospitali, leo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ya kuzuia mimba hufaa mpaka saa 120. Siku hizo zikishapita bado aende, kuna matibabu na chanjo nyingine, kuna majeraha ya kushonwa, kuna mtu wa kuzungumza naye. Goma watu wanaijua HEAL Africa, Bukavu wanaijua Panzi ya Daktari Mukwege, na vituo vya afya vingi vinajua pa kumpeleka.

Kama anaweza, asioge kabla ya kuonwa. Kama ameshaoga, usimlaumu hata kwa uso. Nguo alizokuwa nazo zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Sashe ya plastiki huweka unyevu na kuharibu kila kitu. Daktari aombwe kuandika cheti, nacho kibaki kwenye fishi ya hospitali, si chini ya godoro ambapo shemeji atakikuta. Wewe kumbuka namba ya fishi na tarehe tu.

Asihojiwe na wewe, wala na mwenyekiti wa avenyu, wala na mchungaji. Asimulie mara moja, kwa mtu aliyefunzwa. Nimeona mama akisimulia kwa mashirika manne, kila moja na fomu yake, na kila fomu ikatofautiana kidogo na nyingine. Tofauti hizo ndizo wakili wa mshitakiwa atakazozitafuta. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji awe aliyefanya ni nani; kulipana mbuzi kati ya familia hakuufuti.

Waliokufa, waliopotea, watoto waliochukuliwa

Maiti isiyojulikana: nguo na rangi yake, kovu, meno, rozari au uzi mkononi, vilivyokuwa mfukoni, ilipokutwa na imelala vipi, nani aliichukua. Baada ya mapigano ya Januari 2025 Msalaba Mwekundu walizika wengi mjini, wengine bila jina. Kama kaburi lina namba, namba hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa masimulizi. Iandike mara mbili.

Aliyepotea usimwandike amekufa. Andika alionekana mara ya mwisho wapi, na nani, amevaa nini. Familia iende kwa Msalaba Mwekundu ifungue ombi la kumtafuta, nalo ni bure.

Mtoto aliyechukuliwa kubeba silaha: umri ndio utakaobishaniwa. Thomas Lubanga, aliyeongoza wapiganaji Ituri, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kosa hilo la kutumia watoto chini ya miaka 15, akapewa miaka 14, na umri wa watoto ulileta mvutano mkubwa katika kesi ile. Sisi walimu tuna kitu hapa: daftari la darasa. Alikuwa darasa la ngapi, mwaka upi, karti ya ubatizo iko parokia gani. Piga picha ukurasa huo kabla shule haijachomwa au kugeuzwa kituo cha askari.

Mali

Fupi. Orodhesha vitu na bei ya sokoni ya siku ile, kwa franga au dola. Usiongeze. Mtu aliyekuwa na mbuzi wawili akiandika kumi, hata wale wawili hawataaminika.

Kuficha na kupeleka

Nakala tatu, mahali patatu, moja iwe nje ya mji. Fotokopi usifanye kwenye duka la njia kuu. Piga picha kurasa mwenyewe. Usibebe kaye siku ya kukimbia. Ndiyo maana ya nakala.

Mji ulipobadili mikono Januari 2025, M23 walipouteka tena, kesi zilizokuwa oditora ya kijeshi (ofisi ya mashtaka ya jeshi) zilisimama. Usikate tamaa kwa hilo, uhalifu wa kivita haupitwi na wakati. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa hupokea habari, mashirika ya wanasheria wa Kongo pia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ina mamlaka juu ya yaliyotokea Kongo tangu 1 Julai 2002, na Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wake alitangaza kuyaangalia upya ya Kivu Kaskazini tangu Januari 2022. Yeyote anaweza kuiandikia ofisi yake. Peleka nakala, kamwe usitoe kaye yenyewe, na uandike uliyempa, tarehe, na alisema ataifanyia nini. Mwombe na yeye aandike jina lake.

Uvumilivu unatakiwa wa kweli. Shambulio la Bogoro, Ituri, lilikuwa Februari 2003. Uamuzi wa fidia katika kesi ya Germain Katanga, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji huko, ulitoka Machi 2017: waombaji 341, waliokubaliwa 297, dola 250 kwa kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Miaka kumi na minne.

Katika muda huo, rudi. Kila miezi michache mtembelee aliyekusimulia, bila kaye mkononi, kwa kusalimia kwanza. Mwulize kama bado anakubali habari yake itunzwe. Kama namba yake ya simu imebadilika, ibadilishe kwenye orodha ile ya ng'ambo. Kama umemkosa, andika tarehe uliyomkosa, nani alikuambia kwamba amehama, na alisema amekwenda upande gani.